Juu ya Kula kwa Majonzi na Tiba ya Kupunguza Tumbo

Katika bonde hili la Kilombero, ambako mpunga hulimwa tangu kingo za mto hata karibu na miguu ya milima ya Udzungwa, na ambako mgeni haruhusiwi kuaga kabla hajanawa mikono akala wali kwa perege, chakula ndicho kitu cha kwanza tumpacho mtu tumpendaye, na ndicho cha kwanza tumpacho aliyefiwa. Desturi hiyo ni njema, wala sikusudii kuitia doa. Lakini tumeizoea hata hatutambui kwamba wamo miongoni mwetu watu, wake kwa waume, walao pasipo njaa: mjane ambaye nyumba imemwia kubwa mno tangu matanga yaishe, mama aliyekimbiwa na mume, mkulima aliyekopa fedha za pembejeo kisha mafuriko ya masika ya 2024 yakafunika shamba lake. Hao, watoto wakiisha kulala, hurudi jikoni peke yao wakala kiporo cha wali, wakala maandazi yaliyowekwa kwa chai ya asubuhi, wakapata faraja ya nusu saa, kisha wakalala na haya. Nasi kesho yake twakutana nao sokoni Ifakara, twawaambia, “Umenawiri, mama, mambo yako mazuri.”

Sifa hiyo ina asili yake. Katika miaka ambayo UKIMWI uliingia karibu kila mtaa, kukonda kulikuwa dalili ya mauti, na hata leo, ijapokuwa dawa zipo na wagonjwa wengi wa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko hapa Ifakara waishi kwa siha, mtu akipungua mwili hunong’onwa. Kwa hiyo mnene husifiwa hata kisukari na shinikizo la damu vimkamate. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa umri wa kuzaa, 28 walikuwa na uzito uliopita kiasi, na 10 katika hao wamefikia unene ule ambao matabibu huuita ugonjwa.

Sasa tiba imefika nchini. Tangu mwaka 2022 Hospitali ya Muhimbili, katika tawi lake la Mloganzila, Dar es Salaam, imekuwa ikiwawekea watu puto tumboni, nalo huingizwa kwa njia ya kinywa pasipo kisu, hujazwa maji, hukaa miezi kadhaa, kisha hutolewa. Na baadaye ukaja upasuaji wenyewe wa kupunguza tumbo, ambao huondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula na kubakiza kama bomba jembamba. Ilimu hii si ngeni duniani. Daktari Edward Mason wa Iowa, Marekani, alianza upasuaji wa tumbo wa kupunguza uzito mnamo 1966. Huko Uswidi, kuanzia 1987, watu zaidi ya 2,000 waliopasuliwa walifuatwa kwa miaka mingi, ikadhihirika kwamba walipungukiwa na asilimia 23 ya uzito wao kwa wastani katika miaka miwili, na ulipotimia mwaka wa kumi upungufu ulikuwa umerudi hata asilimia 17 hivi. Na juu ya hayo, vifo vyao vilikuwa vichache kuliko vya wenzao wasiopasuliwa. Basi asemaye kwamba tiba hii ni ulaghai wa matajiri amekosa insafu.

Hata hivyo wastani huficha mengi, kwa sababu wawili waliolazwa siku moja, wakapasuliwa na tabibu mmoja, huweza mmoja akabaki mwepesi miaka kumi, na wa pili akaanza kunenepa kabla ya mwaka wa tatu. Wengi hukimbilia kumwita huyu wa pili mlafi, nami naliona neno hilo kuwa dhuluma. Kwanza, mwili wenyewe hupigania uzito uliopotea: hupunguza matumizi ya nguvu, hurudisha uchu. Pili, na hili ndilo lenye uzito kwangu, kisu hukata ile sehemu ya tumbo itoayo kwa wingi homoni ya njaa, iitwayo ghrelini, lakini majonzi hayakai tumboni. Aliyekuwa akila ili asahau, tumbo likisha kuwa dogo, sahani ya wali itamshinda, bali soda, uji wenye sukari nyingi, aiskrimu na biskuti za kuloweka kwenye chai hupita bila kizuizi, kidogo kidogo, tangu asubuhi hata usiku. Na wako ambao, wakinyimwa chakula, huhamia katika pombe, nayo baada ya baadhi ya upasuaji huo huingia katika damu upesi kuliko zamani.

Kwa hiyo namsihi kila anayekusanya fedha za kwenda Mloganzila, pengine kwa kuuza magunia ya mpunga wa mwaka mzima, asiende kabla hajakaa faragha na mtu amwaminiye akamweleza ni saa ngapi hula, na ni jambo gani lililomkuta siku hiyo kabla mkono haujafika kwenye chungu. Nawasihi matabibu wasitosheke kupima sukari na presha, bali waulize na habari za msiba, za ndoa na za usingizi, kwa upole na bila haraka, maana mgonjwa mwenye haya hujibu “sijambo” mara tatu kabla ya kusema kweli. Nanyi ndugu zake, arudipo amepungua, msimdhanie maradhi. Akikataa sahani ya pili msimwambie, “Kula, mwanangu, usijidhoofishe,” wala msimnunie.

Fauka ya hayo, aliyepasuliwa huhitaji vitamini na madini ya chuma siku zote za maisha yake, na kupimwa damu mara kwa mara, na kutoka Ifakara hata Dar es Salaam ni takriban kilomita 400, nauli na malazi juu. Wenye madaraka ya afya wa wilaya wangetengea wagonjwa hawa siku moja ya mwezi hapa hapa Ifakara, ya mizani, ya kupima damu na ya kuketi na mshauri, yule aliyeanza kunenepa tena asingelazimika kujificha nyumbani kwa kuona haya kumrudia tabibu wake.