Meza ya Meli na Kikapu cha Nyumbani

Wahenga walisema: msafiri maskini, ajapokuwa sultani. Maneno hayo huonekana ukweli wake upesi zaidi wakati wa kula. Mtu aliyezoea kula kwa saa zake, katika vyombo vyake na kwa mapishi ya nyumbani kwake, akishaanza safari hulazimika kula apatacho, kwa saa asiyoichagua, pamoja na watu asiowajua. Katika motokaa taabu hiyo ni ya saa chache. Katika meli huweza kuwa ya siku mbili au tatu, na hakuna mahali pa kushuka ili kutafuta chakula kingine.

Jambo hili linazihusu sana familia za kando ya Ziwa Tanganyika, iwe Bujumbura, Rumonge, Kigoma au Kalemie. Linazihusu zaidi familia za askari na polisi, ambazo huhamishwa kwa amri na mara nyingi hupewa siku chache tu za kufunga mizigo. Katika haraka hiyo magodoro na masufuria hukumbukwa. Chakula cha njiani hufikiriwa mwisho. Wiki hii ukurasa huu unaeleza jinsi abiria wa ziwa hili walivyokuwa wakila melini, na jinsi mama mwenye nyumba awezavyo kuwalinda watoto wake safarini.

MELI ILIYOLISHA VIZAZI

Ukitaja meli ya abiria katika Ziwa Tanganyika, wazee wa Buyenzi hutaja Liemba kabla ya nyingine yoyote. Meli hiyo iliundwa na Wajerumani huko Papenburg mwaka 1913, ikiitwa Graf von Goetzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa reli. Ilishushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe na adui. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba.

Kwa miaka mingi meli hiyo iliunganisha Kigoma na Mpulungu katika Zambia, na Bujumbura ilikuwa miongoni mwa bandari zake. Vita vilivyoanza Burundi mwaka 1993 vilikata safari zake za kawaida za huku kaskazini. Katika miaka ya karibuni Liemba ilikaa muda mrefu bandarini Kigoma ikingoja kukarabatiwa. Hata hivyo, desturi za kula zilizokuwa ndani yake zimebaki kuwa kipimo cha safari za ziwani, na aliyesafiri nayo bado huwasimulia wajukuu.

MADARAJA NA SAHANI

Meli ilikuwa na madaraja matatu. Abiria wa daraja la kwanza walilala wawili wawili katika vyumba vidogo; wa daraja la pili walilala wanne; wa daraja la tatu walijipanga juu ya mabenchi, katikati ya mizigo, au popote palipokuwa na nafasi ya kutandika kanga. Chumba cha kulia kilikuwa na meza na viti, na mhudumu aliyepokea maagizo. Nauli ilikuwa nauli tu. Chakula kililipiwa kando, sahani kwa sahani.

Asubuhi kulikuwa na chai, mkate au chapati, na mayai. Mchana na jioni kulikuwa na wali au ugali, pamoja na samaki, kuku au nyama ya ng'ombe, na mboga za majani au maharage. Orodha hiyo haikuwa ndefu, na siku ya pili ilifanana sana na siku ya kwanza. Mwislamu wa Buyenzi aliyepanda meli aliuliza kwanza nani alichinja kuku. Asipopata jibu la kumridhisha alichagua samaki, na hakuna aliyemlaumu, kwa kuwa samaki wa ziwa hili ni chakula cha heshima. Yule anayeitwa mukeke Bujumbura, Kigoma huitwa mgebuka. Sangala ni mkubwa zaidi na ana nyama nyeupe. Ndagala wa Burundi ndio dagaa wa Kigoma.

Ugumu ulikuwa kwa familia kubwa. Baba mwenye mke na watoto watano, akinunua sahani saba mara tatu kwa siku, aliweza kukuta chakula kimekula fedha zote alizowekea siku za mwanzo za kituo kipya. Kwa hiyo familia nyingi za daraja la tatu zilipanda na kikapu, zikanunua melini chai ya moto tu. Huo haukuwa unyonge. Ulikuwa mpango mzuri wa nyumba, na mara nyingi waliokula kikapuni walishiba vizuri kuliko waliosubiri zamu ya meza.

SOKO JUU YA MAJI

Kulikuwa na mlo wa tatu, ambao haukutoka jikoni mwa meli wala nyumbani. Vijiji vingi vya mwambao havikuwa na gati. Meli ilisimama mbali kidogo na ufuko, hata usiku wa manane, ikapiga honi, na mashua zikaja kuizunguka. Abiria walishuka na kupanda kwa kushikwa mikono, na papo hapo biashara ikaanza: samaki wa kukaanga, dagaa wakavu, ndizi, mananasi, muhogo wa kuchemsha.

Vyakula hivyo vilikuwa rahisi na vitamu, lakini mnunuzi alihitaji kutumia akili. Nanasi zima, ambalo mtu atalimenya mwenyewe kwa kisu safi, ni salama. Nanasi lililokatwa tayari na kuoshwa kwa maji ya ziwani silo. Samaki aliyetoka katika mafuta ya moto sasa hivi ni salama. Aliyekaangwa asubuhi na kutembezwa juani hadi jioni ni wa kuachwa, hata bei yake ikiwa ya kutupa. Kanuni hiyo ni fupi na mtoto aweza kuikariri: kilicho moto kiliwe kikiwa moto, na kisichopikwa kimenywe na anayekila.

MELI ZA MATAJIRI NA ADUI YULE YULE

Baadhi ya wasomaji watafikiri kwamba tahadhari hizi ni za meli za maskini. Sivyo. Titanic, iliyozama mwezi wa Aprili 1912, ilikuwa na vyumba vya kulia tofauti kwa kila daraja. Siku hizi kuna meli za matembezi ambazo ni kama miji inayoelea. Icon of the Seas, iliyoanza safari zake mwaka 2024 kutoka Miami, huweza kuchukua abiria zaidi ya 7,000, na ina mahali pa kula na kunywa zaidi ya 20. Abiria huweza kula tangu alfajiri hadi usiku wa manane, na vyakula vingi vimo tayari katika nauli yake.

Lakini wenye meli hizo wana hofu moja kubwa, nayo ni kuhara. Mgonjwa mmoja asiyenawa, akishika kijiko cha kupakulia ambacho kitashikwa na mamia ya watu baada yake, huweza kueneza kutapika na kuhara katika meli nzima kwa siku chache. Ndiyo maana Marekani ilianzisha mwaka 1975 mpango wa afya wa kukagua meli za abiria. Wakaguzi huingia bila kutoa taarifa, wakapima majokofu, wakatazama mikono ya wapishi, wakachunguza maji ya kunywa. Alama kamili ni 100, na meli inayopata 85 au chini ya hapo huhesabiwa kuwa imeshindwa. Tena, virusi vinavyosumbua sana meli hizo haviondolewi vizuri na dawa za kupaka mkononi zenye spiriti. Sabuni na maji yanayotiririka hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Kipande cha sabuni cha mama wa daraja la tatu, basi, kina thamani ile ile katika meli ya mabilioni.

FUNZO LA KAGUNGA

Watu wa Burundi hawahitaji mfano wa mbali. Mwezi wa Aprili na wa Mei 2015, machafuko ya kisiasa yalipotokea Bujumbura, maelfu kwa maelfu ya watu walikimbilia Tanzania. Wengi walifika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa karibu na mpaka. Pale palikuwa na ufuko mwembamba, vyoo vichache na maji ya ziwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi lilikodi Liemba iwachukue hadi Kigoma, na meli ile ya zamani ikaenda na kurudi ikiwa na watu wapatao 600 kwa kila safari.

Kipindupindu kilikuwa kimekwisha ingia. Kufikia tarehe 22 Mei 2015 shirika hilo lilitangaza wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31: wakimbizi 29 na Watanzania wawili. Watu wale walikuwa na kiu, wakanywa kilichokuwapo mbele yao. Wala hatari hiyo haikuwa mpya. Uchunguzi uliofanywa Rumonge katika mlipuko wa mwaka 1992 ulionyesha kwamba waliokuwa wakioga ziwani na kunywa maji ya ziwa walipatwa na ugonjwa zaidi kuliko wengine. Ziwa hili lina maji mazuri kwa macho; mtu huona mawe ya chini na kudhani kwamba kinachoonekana kisafi ni kisafi. Wadudu wa kipindupindu hawaonekani kwa macho.

KIKAPU CHA SAFARI YA SIKU MBILI

Maandalizi huanza siku moja kabla. Kwanza ni maji. Maji yachemshwe hadi yatokote kwa nguvu kwa dakika moja au zaidi, yapoe yakiwa yamefunikwa, kisha yatiwe katika dumu safi lenye mdomo mwembamba na kifuniko kinachobana. Yamiminwe kikombeni, mtu asichovye kikombe ndani. Pamoja na dumu hilo lifungwe dumu dogo la maji ya kunawia na kipande cha sabuni, mahali ambapo mkono utavifikia bila kufungua mizigo yote.

Pili ni vyakula vikavu, ambavyo havichachi upesi: maandazi magumu kiasi, chapati zilizopoa kabisa kabla ya kufungwa, karanga za kukaanga, na matunda yenye maganda kama ndizi na machungwa. Mayai yachemshwe mpaka yagande, yabaki na maganda yake, na yaliwe siku ile ile. Wali na maharage yaliyopikwa nyumbani yaliwe katika saa za mwanzo za safari au yasichukuliwe kabisa. Wali uliolala katika joto huweza kudhuru tumbo hata kama haujaanza kunuka, na kuupasha moto hakuondoi sumu yote.

Tatu ni kitoweo, na hapa hakuna kinachoshinda dagaa. Achaguliwe dagaa aliyeanikwa juu ya vichanja, kwa sababu aliyeanikwa chini huja na mchanga. Atolewe vichwa, aoshwe kwa maji ya vuguvugu mara tatu, akaushwe vizuri juani au kwa kitambaa. Akaangwe kidogo kidogo katika mafuta ya moto mpaka avunjike akishikwa. Mwishoni atiwe chumvi na pilipili ya kusaga kwa wanaoitaka. Asitiwe nyanya wala kitunguu kibichi, kwa kuwa unyevu ndio unaoharibu. Apoe wazi, kisha afungwe katika kopo kavu lenye kifuniko. Dagaa wa namna hiyo hufika mwisho wa safari akiwa bado mkavu, na huliwa na chapati, na muhogo, au na ugali wa moto ulionunuliwa melini. Kwa njia hiyo familia hununua ugali peke yake na kuokoa bei ya samaki.

Mtoto akianza kuhara kabla meli haijafika, asinyimwe kinywaji kwa kufikiri kwamba atahara zaidi. Kinachoua ni kuishiwa maji mwilini. Kama pakiti za dawa ya kurudisha maji mwilini zinapatikana katika zahanati ya kambi, zichukuliwe mbili tatu kabla ya safari. Zisipopatikana, lita moja ya maji yaliyochemshwa itiwe vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visawazishwe juu, ikorogwe, na mtoto anyweshwe kidogo kidogo kila mara. Anayenyonya aendelee kunyonya. Mkuu wa meli aarifiwe mapema, na mgonjwa apelekwe hospitali mara tu meli itakapotia nanga.

Jioni ya kuamkia safari, basi, kabla kamba ya mwisho haijafungwa, mama na ahesabu vitu vitano: dumu la maji ya kunywa, maji ya kunawia, sabuni, kopo la dagaa, na kifurushi cha sukari na chumvi. Magodoro yatabebwa na wengine.