Hesabu Isichague Chombo

Watu wa pwani husema kila chombo na wimbi lake. Usemi huo wa mabaharia unatufaa leo katika jambo ambalo mabaharia wale hawakuliota, nalo ni programu za hisabati na vyombo walivyo navyo watu mikononi. Kuna kilio kinachosikika siku nyingi sasa kutoka kwa walimu, wanafunzi na watafiti. Wanawaambia watengenezaji: "Programu yenu ni nzuri na tunaitaka, lakini kwenye mtambo wetu haifunguki. Tutengenezeeni na sisi ya kwetu." Wako wanaokiona kilio hicho kuwa deko la watu wasioshukuru cha bure. Mimi naona kuwa wenye kulia wana haki, ila haki hiyo ina wajibu wake, na pande zote mbili zafaa zitazamwe.

Natwaa mfano wa mtaa wa Amalemba, mjini Kakamega. Huenda msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu akauliza, Amalemba na sisi wapi na wapi? Namjibu kwamba wazee wetu walijua njia ya kwenda huko kabla ya reli. Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili na Waarabu ilifika kwa Wawanga, Mumias, kutafuta pembe za ndovu, ikaacha huko lugha, dini na vizazi. Mumias imo katika kaunti hiyo hiyo ya Kakamega, na adhana ingali inasikika huko. Basi la Amalemba si la ugenini. Tena simu aliyo nayo kijana wa Amalemba ndiyo hiyo hiyo aliyo nayo mwenziwe wa Kisauni au Shela, na bando linalomwishia yule ndilo linalomwishia huyu.

Kakamega ni mji wa shule na wa chuo kikuu. Chuo cha Masinde Muliro kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, na mwanafunzi anayepanga chumba mtaani ana masomo ya takwimu, ya kilimo, ya uhandisi na ya ualimu, yote yakidai hesabu. Mtazame sasa ana nini. Pengine ana simu ya bei nafuu yenye kioo kilichopasuka ukingoni. Pengine ana laptopu kuukuu aliyorithi kwa ndugu yake, ambayo fundi amemtilia Linux kwa kuwa mfumo ule hautozi ada na hauuchoshi mtambo mzee. Mwalimu anamwambia afanye zoezi kwa programu fulani. Anakwenda kuitafuta, anakuta imeandikwa kwamba ni ya Windows peke yake. Hapo somo limekwisha kabla halijaanza.

NAHODHA NI NANI?

Kwa ndugu zetu wasioshughulika na mambo haya, nieleze kwa ufupi. Ndani ya kila tarakilishi na kila simu mna mfumo endeshi. Huyo ndiye nahodha. Ndiye apokeaye amri ya kidole, agawaye nafasi ya kumbukumbu, aamuaye nani apite na nani angoje. Programu nyingine zote ni mabaharia walio chini ya amri yake. Lakini manahodha hawa hawasemi lugha moja. Yuko Windows wa kampuni ya Microsoft. Yuko macOS wa Apple. Yuko Linux, ambaye kiini chake kiliandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki huko Ufini. Na katika simu wako Android wa Google na iOS wa Apple. Baharia aliyefunzwa kumwelewa nahodha mmoja, ukimpandisha chombo cha mwingine husimama tu akitazama.

Mfano mzuri tunao karibu na Kakamega yenyewe. Mwaka 2015 ilifanywa kampeni ya kuchangisha fedha ili itengenezwe programu ya takwimu itakayowafaa walimu na watafiti wa Afrika. Nyuma yake lilikuwamo shirika la Kenya liitwalo African Maths Initiative, ambalo mizizi yake iko Maseno. Programu hiyo ni R-Instat. Injini yake ni R, lugha ya takwimu waliyoibuni Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jina na busara yake vilitokana na Instat, programu ya Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, ambayo kwa miaka mingi wataalamu wa hali ya hewa barani Afrika waliitumia kuchambua habari za mvua.

Sasa tazama ajabu yake. Injini ile ya R haina ubaguzi, inakubali Windows, inakubali macOS, inakubali Linux. Lakini mlango wake, yaani yale madirisha na orodha za kuchagulia zinazomwezesha mtu asiyejua kuandika amri afanye kazi, uliandikwa kwa zana za Microsoft. Kwa hiyo R-Instat ilizaliwa ikiwa ya Windows. Wenye Linux na wenye Mac wakabisha hodi, na wenye simu nao wakauliza, "Je, sisi?"

Sitawalaumu waliochagua hivyo. Ofisi nyingi na vyumba vingi vya tarakilishi katika vyuo vyetu vilikuwa na Windows, na mwenye fedha kidogo huanza na mahali penye watu wengi. Lakini kuanza si kumaliza. Kama programu imetengenezwa kwa ajili ya Mwafrika, basi lazima iulizwe kila mara: Mwafrika huyo leo ameshika nini mkononi?

WENGINE WAMEWEZA

Msomaji asidhani jambo hili haliwezekani. Programu ya GeoGebra, ambayo huchora maumbo na milinganyo pamoja, ilianzishwa mwaka 2001 na Markus Hohenwarter alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria. Kwa kuwa iliandikwa kwa lugha ya Java, ilikwenda kwenye Windows, Mac na Linux bila taabu kubwa. Vikaja vishikwambi. iPad ya Apple, iliyotoka mwaka 2010, haikuikubali Java hata kidogo. Walimu wakataka programu yao iwafuate huko, na watengenezaji wakakubali kuijenga upya. Mwaka 2013 yakatoka matoleo ya vishikwambi, na simu zikafuata baadaye. Leo mwanafunzi mwenye simu ya Android aweza kuandika mlinganyo akaona mchirizi wake ukijipinda mbele ya macho yake.

Tena iko Maxima, ambayo hufungua mabano, hutafuta vipeo na kutatua milinganyo kwa herufi. Asili yake ni Macsyma, iliyotengenezwa katika chuo cha MIT, Marekani, tangu miaka ya 1960, wakati mtambo mmoja ulijaza chumba. Jitu lile leo limehamishiwa kwenye Android na linaingia mfukoni mwa shati. Aliyesema simu haiwezi hesabu nzito hajaitazama simu.

Na sisi wenyewe tuna somo ambalo halikutoka mbali. M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwezi Machi 2007 haikumwambia mtu, nenda kanunue simu ya thamani ndipo uje. Ilikaa ndani ya kadi ya simu, ikafanya kazi kwenye kile kijisimu cha vitufe. Mama muuza mboga wa Kakamega na mvuvi wa Vanga wakaingia siku moja na mwenye duka kubwa. Lau ingetengenezwa kwa simu za matajiri tu, isingelikuwa M-Pesa tunayoijua. Ikiwa hesabu za fedha ziliweza kumfuata mnyonge mpaka kwenye simu yake, hesabu za shule zina udhuru gani?

ELIMU HII NI YETU

Sisi wasomaji wa pwani tuna sababu nyingine ya kulijali jambo hili. Neno aljebra limetokana na al-jabr, katika jina la kitabu cha Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Sehemu kubwa ya mwisho ya kitabu hicho ni ya mahesabu ya wasia na mirathi. Yaani mwanachuoni yule hakuiandika hesabu yake kwa wateule wa ikulu. Aliikusudia kwa watu wanaogawana mali, wanaouziana na wanaopima ardhi.

Chukua mfano mmoja. Mtu amefariki, ameacha mke, mama, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike, na baada ya deni na wasia imebaki shilingi 720,000. Mke ana thumni, yaani 1/8, ambayo ni 90,000. Mama ana sudusi, yaani 1/6, ambayo ni 120,000. Zinabaki 510,000, mwana wa kiume apate mafungu mawili na wa kike fungu moja: 340,000 na 170,000. Hesabu imekamilika bila senti kupotea. Lakini ongeza warithi watatu wanne, mashamba mawili na nyumba yenye wapangaji, uone ndugu watakavyokodoleana macho. Kijana anayeweza kuyapanga haya kwenye simu yake, akamwonyesha kila mmoja fungu lake na jinsi lilivyopatikana, amezuia fitina ya miaka. Kadhi atabaki kadhi, lakini angalau watu watakwenda kwake wakiwa wanaielewa hesabu yao.

Na serikali nayo imeliongezea jambo hili uzito. Mwaka 2025, baada ya wananchi kunung'unika kwamba hisabati ingefanywa somo la hiari katika sekondari ya juu, Wizara ya Elimu ya Kenya ilitangaza kwamba kila mwanafunzi ataisoma. Vyema. Lakini ukimlazimisha mtoto kula, mpe na kijiko.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wapo watakaosema simu ni fitina kwa kijana, mara picha, mara michezo, mara kamari. Ni kweli, na shule nyingi za bweni haziruhusu simu kwa sababu hiyo. Lakini mwanafunzi wa chuo tayari anayo, na wa shule ya kutwa huikuta nyumbani kwa mzazi. Shari iliyomo ndani yake imekwisha kuingia. Tunayoizuia ni heri peke yake.

Wengine husema kioo cha simu ni kidogo, jedwali la takwimu za mvua za miaka 50 halitasomeka. Hili nalikubali kiasi. Si kila kazi ya hesabu yafaa simu, na mtafiti mwenye jedwali refu atahitaji kioo kikubwa. Kwake yeye ndipo Linux inapopata maana, maana laptopu yake kuukuu ingemtosha lau mlango ungefunguliwa.

Hoja nzito zaidi ni ya watengenezaji wenyewe. Husema: tuko wachache, fedha ni za msaada, na kila mfumo mpya ni kazi mpya, ukiwa na mifumo minne, kosa moja lasahihishwa mara nne. Maneno haya ni ya kweli, na ndiyo yanayonileta kwenye wajibu wa mwenye kuomba.

Mkono mtupu haulambwi. Anayetaka programu ije kwenye chombo chake na aje na kitu. Asiye na fedha ana macho: aijaribu programu, kisha aeleze kwa uangalifu simu yake ni ya aina gani, mfumo wake ni toleo gani, alibonyeza nini na kikatokea nini. Taarifa kama hiyo ina thamani kuliko malalamiko mia ya "haifanyi kazi." Mwenye lugha atafsiri. Tanzania imefundisha hisabati kwa Kiswahili katika shule za msingi tangu mwaka 1967. Maneno tunayo, mlinganyo, wastani, kipenyo, mzingo, kipeuo, na hakuna sababu ya mtoto kukutana nayo kwa Kiingereza tu katika simu yake. Na wanafunzi wa programu wa Masinde Muliro, wa Maseno, wa Pwani na wa Chuo cha Ufundi cha Mombasa waichukue kazi ya kuhamisha programu hizi kuwa mazoezi yao ya shahada. Nyingi kati yake msimbo wake uko wazi, haufungiwi sandukuni.

Kwa upande wao watengenezaji nawaomba mambo matatu. Waanze na simu dhaifu, si simu ya mwisho kutoka. Programu ifanye kazi bila mtandao, maana bando ni pesa. Na iwe nyepesi, isije ikamla mtu nafasi yote akalazimika kufuta picha za mamake ili ajifunze jiometri.

Wazee walipokwenda Mumias hawakungoja bahari ifike huko. Walishuka jahazini wakachukua njia ya miguu, na bidhaa ikafika. Hesabu nayo ni bidhaa. Anayetaka ifike Amalemba aitie katika chombo kinachofika Amalemba, na kwa zama hizi chombo hicho ni simu iliyomo mfukoni mwa kijana.