Jumba la Maajabu ni la nani?

Katika vitabu vya historia ya majengo imekuwa desturi kuiita kila nyumba iliyojengwa kati ya mwaka 1837 na 1901 nyumba ya enzi ya Victoria. Jina hilo halina ubaya likitumiwa kule London. Likivuka bahari hadi Forodhani, Unguja, na kutundikwa kwenye Beit al-Ajaib, linamfunza mwanafunzi wetu kumtafuta mwenye nyumba mahali asipokuwepo. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Malkia Victoria hakupata kulitia machoni.

Hata hivyo, haki itendeke. Chuma kilichomo ni cha zama hizo za viwanda. Yeyote aliyeingia katika nyumba ya mawe ya Lamu au ya Mji wa Kale, Mombasa, atakumbuka jinsi vyumba vyake vilivyo virefu na vyembamba. Sababu si ladha ya wenyewe. Dari huchukuliwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi pana bila kupinda. Basi urefu wa mti ndio uliopima upana wa chumba. Barghash aliivunja kanuni hiyo. Kwa nguzo za chuma kilichomiminwa kalibuni na kwa sakafu za zege, alipata kumbi pana, dari za juu mno na roshani zinazolizunguka jumba kila upande. Lakini mawe ya matumbawe, chokaa na boriti vilibaki humo humo, na milango ikanakshiwa kwa aya za Kurani. Yamkini mtu aliyeishi uhamishoni Bombay baada ya jaribio la uasi la 1859, kisha akazuru Uingereza mwaka 1875, alijua barabara anachotaka kuazima na anachotaka kubaki nacho. Mwanaisimu angesema kwamba msamiati ni wa mkopo, sarufi ni ya mwenyewe.

Jina lenyewe lina funzo. Watu waliona taa za umeme na lifti, mambo ambayo hayajapata kuonekana mjini, wakaliita jumba la maajabu. ‘Jumba’ ni nyumba katika hali ya ukubwa. ‘Ajabu’ ni neno la Kiarabu lililokwisha kuwa letu siku nyingi.

Tusijidanganye, lakini, kuhusu fedha iliyojenga fahari hiyo. Ilitoka katika biashara na mashamba ya karafuu ya kisiwani, na mashamba hayo yalilimwa kwa jasho la watumwa. Mkataba wa 1873 ulifunga soko la watumwa mjini. Haukuufunga utumwa mashambani. Mwalimu anayewasimulia wanafunzi habari za lifti na kuacha habari za karafuu amesimulia nusu ya jengo.

Wala hili si jambo la Wazanzibari peke yao. Pwani yetu ilitawaliwa kutoka ufuo ule. Barghash ndiye aliyetoa idhini ya 1887 iliyoipa kampuni ya Waingereza mamlaka katika sehemu ya pwani hii, na ukanda wa maili 10 ulihesabiwa kuwa milki ya masultani hadi 1963. Kijana wa Mvita anayeuliza kwa nini hati za ardhi pwani zimejaa mashaka hana budi kuanzia huko.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza ziliyapiga mizinga majumba ya Sultani kwa muda usiotimia saa moja. Majumba jirani yaliharibiwa vibaya, na mnara wa taa uliosimama mbele ukabomoka. Beit al-Ajaib likasalimika kwa madhara machache. Mwaka 1897 mnara wa saa ukaunganishwa nalo. Kuanzia 1911 likawa afisi za serikali ya Waingereza. Baada ya Mapinduzi ya 1964 lilibaki mikononi mwa serikali, na baadaye likawa makumbusho. Humo ndani kiliwekwa chombo cha mtepe, kilichoundwa upya kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba, kama walivyoshona mafundi wa visiwa vya Lamu.

Mizinga ililishindwa, mvua hazikulishindwa. Sehemu ya roshani ilianguka mwaka 2012, ingawa Mji Mkongwe ulikwisha kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiendelea, mnara na sehemu kubwa ya mbele viliporomoka, na watu wakapoteza maisha. Nyumba ya matumbawe na chokaa inadai kutazamwa kila mwaka: paa lizibwe, lipu iliyobambuka ipigwe upya, maji yasiingie ukutani. Kazi hiyo haina sherehe ya ufunguzi, na huenda ndiyo maana kila serikali, huko na huku kwetu, huiahirisha. Mfadhili hupatikana upesi zaidi jengo likishaanguka.

Kuna upungufu mwingine ambao mfadhili hawezi kuuziba. Ukarabati hutaka fundi anayejua chokaa ichomwe vipi na iloweshwe siku ngapi, na kujua huko kumo katika maneno. Wanafunzi wangu wengi wataeleza sehemu za sentensi bila kusita. Waulize tofauti ya daka na kidaka, au msana ni nini, watanyamaza. Vyuo vyetu vya usanifu hufundisha kwa Kiingereza, na wazee waliojenga kwa Kiswahili wanapungua. Walimu wa Lamu, Malindi na Mombasa wanaweza kuanza muhula ujao: kila darasa liende kwa fundi mmoja wa mawe, liandike maneno yake pamoja na michoro ya vitu vyenyewe, na daftari zikusanywe katika maktaba ya shule, ambako mjenzi wa kesho atazipata.