MASHINE YA MSAADA IJE NA FUNDI WAKE

Ndugu wanachama na wanakijiji,

Habari mmezisikia. Kituo chetu cha afya huenda kikapewa mashine na serikali ya nchi ya nje. Wengine mmeshaanza kuulizana ngoma itapigwa siku gani. Sisi hatupingi msaada. Mtoto akizaliwa hapumui, hatuulizi mashine ya oksijeni imetoka taifa gani. Ila tunasema, jamani, ngoma ingoje kidogo.

Mnakumbuka mashine yetu ya kusaga? Ilikaa kimya miezi mitatu kwa kukosa mkanda mmoja tu, akina mama wakarudi kwenye kinu. Hospitalini nako ni hivyo hivyo. Mwaka 2011 ilitolewa hesabu ya vifaa vya hospitali katika nchi 16 zenye uwezo mdogo. Karibu vifaa 40 katika kila 100 vilikuwa havifanyi kazi. Watumiaji hawakufundishwa, matengenezo hayakupangwa, vipuri na umeme ni shida.

Tena umeme wenyewe haufanani. Wetu ni volti 230. Marekani majumbani ni volti 120, Japani ni 100. Mashine iliyoundwa kwa umeme wa huko tu, ukiichomeka hapa bila transfoma, inaungua siku ya kwanza. Hapo tumepewa nini? Tumepewa chuma cha kujaza stoo.

Wapo watakaosema mwombaji hachagui. Si kweli. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo tangu mwaka 2000: matakwa ya anayepewa yaheshimiwe, na kifaa kisichofaa kwa mtoaji kwao kisipelekwe kwa mwenzake. Kuuliza si utovu wa shukrani.

Basi kamati ya kituo, kabla ya kutia sahihi, iulize haya:

1. Mashine hii tuliihitaji, au inatafutiwa tu pa kuwekwa?
2. Inakubali umeme wetu? Na umeme ukikatika?
3. Vipuri vinauzwa wapi, kwa bei gani?
4. Kitabu chake kimeandikwa kwa lugha ambayo muuguzi wetu anaisoma?
5. Nani atafundishwa kuitumia, na fundi atatoka wapi? Vyuo vya ufundi vya Dar es Salaam na Arusha vinafundisha mafundi wa vifaa vya hospitali. Mafundi wapo, waulizwe.

Na sisi tusikae tukipiga makofi tu. Tunapendekeza kila kilo ya kahawa ikatwe shilingi 10, ziwekwe fungu la matengenezo. Hela ni ndogo, lakini mkanda ukikatika hatutamwandikia mtu barua ng'ambo.

Mkutano ni Jumamosi saa 4 asubuhi, ofisi ya ushirika. Njooni tuamue. Siku mashine ikizima usiku, mtoaji atakuwa kwao amelala. Kitandani atakuwa mtoto wetu.

Sisi, Kamati ya Gazeti la Ukutani