Tuzitazame Fotoni Kabla ya Kuisadiki Picha

Ndugu mwandishi, nimeisoma makala yako kwa makini nikiwa hapa Songambele, mkoani Kagera, nami naafiki kwamba haifai kuisadiki picha ya mwisho ya Radiance, programu ya kukokotoa mwanga majengoni, kabla ya kuzitazama fotoni zenyewe, yaani chembe za nuru, ambazo zana yake iitwayo pmapdump huzidhihirisha kama vitufe vidogo mahali hasa zilipoangukia. Njia hii ya ramani ya fotoni, aliyoieleza Henrik Wann Jensen mwaka 1996, huirusha nuru kutoka asili yake, ikadunda ukutani na sakafuni, na kila inapogusa pakahifadhiwa. Palipo na vitufe vingi pana mwanga, na palipo na vichache mno hesabu ni dhaifu.

Huku kwetu, karibu na Ikweta, jua la adhuhuri hukaribia utosi, hata nuru nyingi ya darasani hutoka chini, kwenye udongo mwekundu wa uani, ikaipaka dari ya karibu na dirisha wekundu hafifu ambao nimeuona tangu utotoni. Msanifu akiusahau udongo ule, vitufe vya darini vitapungua, na kosa litaonekana.

Wasanifu wetu, nawasihi: fungueni ramani ya fotoni kwanza, ndipo mkate madirisha.