Ororo Bado Hana Ngeli

Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili anajua kwamba mzizi -ororo hausimami peke yake. Ngozi ni nyororo, mtu ni mwororo. Bila kiambishi cha ngeli, neno halijakamilika. Sasa tazama jina la shujaa wa kike mwenye asili ya Afrika anayejulikana sana katika vitabu vya katuni: Ororo, yule ambaye wasomaji wa Marekani humwita Storm. Kampuni ya Marvel ilimtoa mwaka 1975, mwandishi akiwa Len Wein na mchoraji Dave Cockrum, na hadithi ikasema kwamba mama yake ni binti wa kifalme wa Kenya. Sisemi kwamba waliomtunga walichukua jina hilo kwetu. Nasema kwamba Mswahili akilisoma anaona mzizi unaoning'inia, na kwamba safari ya shujaa huyu kwa karibu miaka hamsini ni safari ya mtu anayetafuta kiambishi chake, yaani watu wake na lugha yake.

Tunapozungumzia maendeleo ya mashujaa wa kike, wengi wetu tunahesabu nguvu: huyu anaruka, yule anavunja ukuta. Kipimo hicho kinadanganya. Wonder Woman alipotokea mwaka 1941 alikuwa tayari na nguvu za kuwashinda wanaume wengi. Hata hivyo, mwaka 1942 chama cha mashujaa wenzake kilipompokea, kilimpa kazi ya katibu. Wanaume walikwenda vitani, yeye akabaki na daftari. Nguvu alikuwa nazo, kauli hakuwa nayo.

Ororo alianza vivyo hivyo. Katika kitabu cha kwanza yuko Kenya, wanakijiji wanamwomba mvua na kumwabudu kama mungu. Anakuja Profesa Xavier kutoka Marekani, anamweleza kwamba yeye si mungu, kisha anaondoka naye. Wale wanakijiji wanabaki nyuma kama pazia la jukwaa. Hawana historia, na tukitaka kujua walizungumza lugha gani, kitabu hakitusaidii. Hata jina la mama yake, N'Daré, limeandikwa kwa alama ambazo tahajia ya Kiswahili haina. Afrika ya kitabu kile ilikuwa rangi tu ya kuta.

Mabadiliko ya kweli yalikuja pale alipopokonywa nguvu. Mwaka 1984, chini ya kalamu ya Chris Claremont, Ororo alipigwa kwa silaha iliyomwondolea uwezo wa kuamuru upepo na mvua. Mwaka 1985 anaonekana akitembea kwa miguu katika nchi ya Afrika yenye ukame, na njiani anamsaidia mwanamke kujifungua. Mwaka 1986, akiwa bado mtu wa kawaida, anashindana na Cyclops kwa ajili ya uongozi wa X-Men, na anamshinda kwa akili. Kwangu mimi, huyo ndiye Ororo mkubwa kuliko wote. Mtu wa Mboko hahitaji maelezo marefu kuelewa kwa nini. Katika barabara hii ya kutoka Uvira kwenda Baraka na Fizi, tunawajua akina mama waliotembea siku nyingi wakikimbia risasi, na tunawajua waliozalisha wenzao bila taa wala dawa. Hakuna aliyewachora.

Maendeleo hayo hayakwenda kwa mstari ulionyooka. Mwaka 2006 Ororo aliozwa kwa T'Challa, mfalme wa Wakanda, na kiongozi akageuka mke wa mfalme. Mwaka 2012 ndoa ikavunjwa. Ilibidi kungoja mwaka 2014 apate mfululizo wa kila mwezi wenye jina lake. Mwaka 2024 mfululizo mpya ulianza, ukiandikwa na Murewa Ayodele, Mnaijeria. Hiyo ni hatua, nami naifurahia. Lakini Ororo mtoto wa Kenya bado anafikiri na kuota kwa Kiingereza.

Tusiwalaumu Wamarekani peke yao. Nchi yetu ina wachoraji wakubwa. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, alishirikiana na Christophe Cassiau-Haurie kutoa Madame Livingstone mwaka 2014, hadithi ya vita vya kwanza vya dunia kwenye ziwa letu hili la Tanganyika. Ni kitabu kizuri, na kiko kwa Kifaransa. Huyo "Madame" wa kwenye jalada ni mwanaume: watu walimpa jina hilo kwa sababu ya sketi ya Kiskoti aliyovaa. Kwa hiyo ziwa letu lilipoingia katika katuni, jina la kike lilikuja nalo, mwanamke wa kubeba hadithi hakuja. Pat Masioni, Mkongo mwingine, alimchora malkia Njinga Mbandi kwa ajili ya UNESCO. Njinga alikuwa hodari wa mazungumzo kabla ya kuwa hodari wa mkuki. Mfano upo, basi; kinachokosekana ni mwendelezo.

Walimu wetu wengine watasema katuni ni mchezo wa watoto, na kwamba fasihi simulizi inatutosha. Nawaheshimu, lakini fasihi simulizi yenyewe inanipa hoja. Katika utenzi wa Mwindo wa Wanyanga, ambao Daniel Biebuyck aliuandika mwaka 1956 kutoka kinywani mwa Shé-Karisi Rureke, yupo shangazi Iyangura. Mwindo anaposhuka chini ya ardhi kumfuata baba yake, anamwachia shangazi ncha ya kamba: kamba ikitulia, ajue mtoto amekufa. Iyangura harushi radi. Anashika kamba. Lakini bila mikono yake shujaa hana njia ya kutoa habari kwa walio juu. Hapo tuna shujaa wa kike mwenye ukoo, mwenye lugha na mwenye kazi, miaka mingi kabla ya Ororo kufika sokoni. Mtoto wa darasa la tano hapa Mboko hajui sura yake.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa kitivo ni dogo. Kila mwaka tunaandika kazi za kumaliza masomo ambazo husomwa na watu watatu na kufungiwa kabatini. Turuhusiwe, kwa wale wanaotaka, kuwasilisha hadithi ya picha kwa Kiswahili au Kibembe, pamoja na maelezo ya kiisimu: mhusika anazungumzaje na mama mkwe, anazungumzaje na askari kizuizini, kwa nini hapa amechagua Kibembe na pale Kiswahili. Hiyo ni kazi ya lugha kamili, ngumu kuliko kunakili nadharia za watu wa mbali. Karatasi na kalamu ya risasi tunazo, na wachoraji wamejaa mitaani, wanaoandika mabango ya maduka.

Ororo amepewa upepo, mvua na radi. Kiambishi hawezi kupewa na New York. Kile ni chetu, na tunakijua tangu mwaka wa kwanza.