Cheti bila mdhamini

Kijana wa Bel-Air, komini ya Kampemba mjini Lubumbashi, aliyejifunza kuchomelea vyuma kwa Wasalesiani wa Don Bosco au katika chuo cha serikali cha ufundi, INPP, hakosi ufundi; anakosa mtu wa kumjulisha kwa mwajiri. Tangu Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ilipowaachisha kazi watu zaidi ya 10,000 mwaka 2003 na 2004, nafasi nyingi ziko kwenye kampuni zinazopewa kandarasi na migodi, na huko jina hupitia kwa ndugu na jamaa. Kwa hiyo shirika la mtaa lisiishie kugawa vyeti: limwandalie barua, limpe nauli hadi mshahara wa kwanza, limkopeshe barakoa na glavu za kuchomelea, kisha liende naye kwa mwajiri limdhamini. Wengine watasema kazi zenyewe ni chache, shirika litabadilisha tu anayetangulia kwenye foleni. Ni chache kweli. Ndiyo maana anayetangulia ni suala la haki, hasa kwa yatima asiye na mjomba kampunini. Tena, sheria ya Kongo ya 2017 iliwatengea wenye kampuni Wakongomani kandarasi hizo za migodi. Waliofaidika nayo wana deni kwa vijana hawa, na wa kulidai ni shirika la mtaa.